Michezo ya vyuo Marekani: Soko kubwa lisilo na ubao wa bei

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za kahawa, korosho, hisa na dola. Wiki hii tunaomba ruhusa kuingia soko jingine, ambalo mwandishi wa safu hii amelifuatilia kwa miaka mingi kama shabiki, na ambalo kila mwaka linazidi kumkera kama mtu wa biashara. Ni soko la wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani.

Kwa asiyelifahamu, Marekani haina utaratibu wa klabu kubwa kulea vijana kama zifanyavyo klabu za soka za Ulaya. Kazi hiyo hufanywa na shule na vyuo vikuu. Kijana anayetaka kufika ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, au ya futiboli ya Kimarekani inayochezwa kwa mpira wa umbo la yai, kwa kawaida hupitia chuoni. Huko hucheza mbele ya watu elfu themanini, tisini, hata laki moja, na mechi yake huonyeshwa nchi nzima.

Fedha zilizomo si za mchezo. Mwaka 2016 kampuni za televisheni za CBS na Turner ziliongeza mkataba wao wa kuonyesha mashindano ya kikapu ya vyuo ya mwezi Machi kwa miaka minane zaidi, hadi 2032, kwa dola bilioni 8.8. Mwaka 2022 ligi moja tu ya vyuo, Big Ten, ilitia saini mikataba ya televisheni ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka 2024 ESPN ilikubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita ya mtoano wa futiboli ya vyuo.

Katika biashara hiyo yote, mchezaji kwa zaidi ya nusu karne alipewa ada, chumba, chakula na vitabu, basi. Leo analipwa. Sisi mashabiki tuliolalamika miaka mingi kuwa kijana ananyonywa tulitegemea kwamba siku atakapolipwa mambo yatatulia. Hayakutulia. Na sasa wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye ridhaa ya zamani.

Safu hii inakataa dawa hiyo. Kosa si kwamba wachezaji wanalipwa. Kosa ni kwamba vyuo vilifunguliwa soko kwa amri ya mahakama, vikaliendesha kwa tabia za ulanguzi: bei haitangazwi, mikataba haina meno, na mwenye kuuza jasho lake hana chama cha kumsemea.

MNUNUZI MMOJA, BEI MOJA

Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilianzishwa mwaka 1906 ili kupunguza vifo na majeruhi katika futiboli. Baadaye kikawa na kazi nyingine iliyokuwa na faida zaidi, nayo ni kuhakikisha vyuo vyote vinalipa bei moja kwa mchezaji. Mwaka 1956 kiliruhusu rasmi ufadhili kamili wa masomo kwa wanamichezo, na hapo ndipo bei ilipofungwa.

Hata jina la "mwanafunzi-mwanamichezo" lina historia yake. Mwaka 1955 mchezaji Ray Dennison wa chuo kimoja kidogo cha Colorado aliumia kichwani uwanjani akafa. Mjane wake alidai fidia kama mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilimnyima, ikisema chuo hakikuwa na biashara ya futiboli. Katika miaka hiyo hiyo NCAA ilishika neno hilo la mwanafunzi-mwanamichezo na kulitumia kila mahali, ili mchezaji asije akaitwa mfanyakazi. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kuanzia 1951 hadi 1988, ndiye aliyeeleza jambo hilo waziwazi katika kitabu alichotoa 1995, wakati huo akiwa amekwisha kugeuka na kuupinga mfumo alioujenga mwenyewe.

Msomaji aliyewahi kulima pamba au kahawa enzi za bodi za mazao hahitaji kuelezwa zaidi. Mnunuzi ni mmoja, bei ni yake, malipo ni yake, na mkulima akiuza pembeni anaitwa mhalifu. Tofauti ni kwamba bodi zetu zilikuwa za serikali na zilidai kumlinda mkulima. NCAA ni umoja wa wanunuzi wenyewe, wamekaa meza moja, wakakubaliana wasishindane kwa bei.

Bei ikifungwa, fedha haitoweki. Hutafuta mlango mwingine. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliinyang'anya NCAA udhibiti wa matangazo ya futiboli, ikaona kuwa ni ukiritimba. Tangu hapo kila chuo na kila ligi ikawa huru kuuza mechi zake, na fedha za televisheni zikaongezeka. Kwa kuwa mchezaji hakuruhusiwa kulipwa, zilikwenda kwa makocha na majengo. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari, bali ni kocha wa chuo. Novemba 2023 Chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake Jimbo Fisher, na mkataba ulikitaka kimlipe zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi.

Fedha nyingine zilipita mlango wa nyuma, kwa bahasha za wafadhili matajiri. Aliyekamatwa aliadhibiwa. Reggie Bush, aliyepata tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa mwaka 2005, aliirudisha mwaka 2010 baada ya kubainika kuwa familia yake ilipokea fedha na misaada. Alirudishiwa tuzo hiyo Aprili 2024, wakati vijana wa umri aliokuwa nao walikuwa wanalipwa mamilioni kwa ruhusa.

Mfano wa mwaka 2014 hatuusahau. Shabazz Napier wa Chuo Kikuu cha Connecticut, katika siku zile zile ambazo timu yake ilikuwa inachukua ubingwa wa kikapu, aliwaambia waandishi kuwa zipo siku analala na njaa. Siku chache baadaye NCAA ikapitisha kuwa wanamichezo wenye ufadhili wapewe chakula bila kikomo. Yaani lilihitajika bao la ubingwa na kamera za nchi nzima ili kijana aongezewe sahani.

MAHAKAMA ZAVUNJA KUFULI

Kufuli halikuvunjwa na vyuo. Lilivunjwa na wachezaji kortini, kwa kutumia sheria zile zile zinazokataza wafanyabiashara kukubaliana bei.

Wa kwanza kutajwa ni Ed O'Bannon, bingwa wa mwaka 1995 na UCLA. Aliiona sura yake katika mchezo wa video, akajua kuwa kampuni ilikuwa inauza mwili wake bila kumlipa hata senti. Alishtaki mwaka 2009, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken wa California akaamua kuwa NCAA ilivunja sheria ya ushindani. Mwaka 2019 jimbo la California likapitisha sheria ya kuruhusu wanamichezo wa vyuo kuuza haki za majina na sura zao, na majimbo mengine yakafuata.

Kisha ikaja hukumu ya tarehe 21 Juni 2021 katika shauri la Alston. Majaji tisa wa Mahakama ya Juu, ambao ni nadra kukubaliana hata juu ya hali ya hewa, walikubaliana wote kuwa NCAA haina kinga ya kukiuka sheria za ushindani katika mafao yanayohusu elimu. Mmoja wao, Brett Kavanaugh, alikwenda mbali zaidi na kueleza kuwa hakuna biashara nyingine Marekani inayoruhusiwa kupatana isiwalipe wafanyakazi bei ya soko kwa kisingizio kuwa wateja wanapenda bidhaa iliyotengenezwa bure. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA ikafungua mlango wa haki ya jina na sura. Mchezaji akaweza kulipwa na duka, na kampuni ya viatu, au na kikundi cha mashabiki matajiri.

Hatua ya mwisho kubwa ni usuluhishi wa shauri la House, lililopewa jina la muogeleaji Grant House. Juni 6, 2025 Jaji Wilken aliupitisha. Vyuo na NCAA vitalipa takriban dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka kumi kwa wanamichezo waliocheza tangu 2016. Aidha, kuanzia Julai 1, 2025 kila chuo kilichokubali masharti kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kiwango cha juu kiliwekwa dola milioni 20.5 kwa chuo, hesabu iliyotokana na asilimia 22 ya wastani wa mapato fulani ya vyuo vikubwa. Linganisha na ligi za kulipwa za kikapu na futiboli, ambako wachezaji hupata karibu nusu ya mapato.

YANAYOMKERA SHABIKI

Kwa maelezo hayo msomaji atasema haki imepatikana, shabiki analalamika nini? Tuyataje.

Kwanza, ligi zetu zimevunjwa. Ligi ya Pac-12 ya pwani ya magharibi, iliyokuwa na zaidi ya miaka 100, ilikimbiwa na vyuo kumi kati ya kumi na viwili kufikia Agosti 2024, vyote vikifuata fedha za televisheni. Leo Stanford na Berkeley, vyuo vilivyo karibu na Bahari ya Pasifiki, vinacheza katika ligi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki. Oregon iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, jirani ya New York. Watu wanaotuambia kuwa mchezaji ni mwanafunzi kwanza ndio hao hao wanaomrusha kutoka bahari moja hadi nyingine katikati ya juma. Uamuzi huo haukufanywa na wachezaji. Ulifanywa na wakuu wa vyuo, na wengi wao ni wale wale waliokuwa wakiapa kortini kuwa fedha zitaharibu mila.

Pili, timu haikai. Zamani mchezaji aliyehama chuo alikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na tangu 2024, baada ya kesi nyingine, anaweza kuhama kila mwaka mradi matokeo yake ya darasani ni mazuri. Shabiki anajifunza majina ya wachezaji mwezi Novemba, ikifika Aprili nusu yao wamekwenda. Kuhama kwenyewe si dhambi. Kocha Brian Kelly aliondoka Notre Dame kwenda LSU mwishoni mwa Novemba 2021, timu yake ikiwa bado ina nafasi ya kuingia mtoano, na hakuna aliyemwambia akae nje mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba kocha anayehama huwa na mkataba wenye kifungu cha fidia, na chuo kinachomtaka hulipa. Mchezaji kwa miaka hii michache amekuwa akiondoka bila fidia kwa yeyote, kwa sababu mkataba wake haukuwa na chuo. Ulikuwa na kikundi cha wafadhili, kilichojifanya kinanunua picha yake.

Tatu, ahadi za mdomo. Septemba 2024 mchezaji wa nafasi ya robobeki Matthew Sluka aliiacha timu ya UNLV ya Las Vegas baada ya mechi tatu, zote zikiwa za ushindi, akisema aliyoahidiwa hayakutimizwa. Wakala wake alidai ahadi ilikuwa dola 100,000 na kwamba ilitolewa kwa mdomo. Chuo kilikana. Mwaka huo huo, mwezi Mei, kijana mwingine, Jaden Rashada, alifungua mashtaka akidai kuwa alishawishiwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Florida kwa mkataba wa dola milioni 13.85 ambao haukulipwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemkopesha jirani yake magunia matano ya sukari huandika daftari na kutaka sahihi. Hapa wanazungumzia mamilioni ya dola, na hakuna mwenye karatasi inayoeleweka.

Nne, shabiki ameombwa achangie. Vikundi vya wafadhili vilipokuwa vinawalipa wachezaji, fedha zilitoka kwa mashabiki, wakubwa kwa wadogo. Sasa vyuo vinatafuta fedha za kugawana na wachezaji, na tiketi na michango vinapanda. Mchango huu unafanana na kununua hisa, ila ni hisa isiyo na gawio, isiyo na kura, isiyouzika, na mtaji wenyewe unaweza kuhama chuo mwezi Aprili.

BEI IPO, UBAO HAUPO

Makero hayo yote yana mzizi mmoja. Hili ni soko lenye fedha nyingi na habari kidogo.

Kila mtu wa soko anajua maana ya ubao wa bei. Mkulima akijua korosho ya jana mnadani iliuzwa kiasi gani, dalali hawezi kumdanganya leo. Asipojua, dalali hula pande zote mbili: humwambia mkulima bei imeshuka, humwambia mnunuzi bei imepanda. Katika soko la wachezaji wa vyuo, mikataba ya jina na sura haitangazwi. Gazeti linaandika kuwa kijana fulani amepata milioni mbili. Ni nani aliyesema? Mara nyingi ni wakala wake, au wakala wa mwenzake, kila mmoja akiwa na sababu ya kupandisha. Chuo kinakaa kimya. Kijana wa pili anakwenda kwa kocha na kudai milioni tatu kwa kutegemea tetesi, na kocha, ambaye naye hajui ukweli, analipa au anampoteza.

Usuluhishi wa House ulijaribu kuweka mzani. Mikataba ya dola 600 na zaidi inayotoka nje ya chuo lazima iripotiwe katika ofisi ya ukaguzi inayoendeshwa na kampuni ya wahasibu ya Deloitte, ili kuona kama ni biashara ya kweli au ni mshahara uliovaa koti la matangazo. Ni hatua, lakini taarifa hiyo inakwenda kwa mkaguzi, haiendi sokoni. Mchezaji anayefuata haioni.

Tazama mahali ambapo bei ilitangazwa. Mchezo wa video wa futiboli ya vyuo, uliokuwa umesimamishwa baada ya toleo la 2013 kwa sababu ya kesi ya O'Bannon, ulirudi Julai 2024. Kampuni ya EA ilitangaza bei kwa wote: dola 600 na nakala ya mchezo kwa kila mchezaji atakayekubali jina lake litumike. Zaidi ya 11,000 walikubali. Unaweza kusema bei ilikuwa ndogo, na mwandishi wa safu hii anaona ilikuwa ndogo. Lakini kila mtu aliijua, kila mtu alichagua, na hatukusikia kashfa.

Upungufu wa pili ni mkubwa kuliko huo. Kiwango cha juu cha dola milioni 20.5 hakikujadiliwa na chama cha wachezaji. Ligi za kulipwa za Marekani nazo zina viwango vya juu vya mishahara, na mahakama haziviingilii kwa sababu vilipatikana katika majadiliano ya pamoja na vyama vya wachezaji. Sheria ya Marekani inakubali hivyo: waajiri wakipanga bei peke yao ni njama, wakiipanga pamoja na chama cha wafanyakazi ni mkataba. Vyuo vinataka faida ya jambo hili bila gharama yake. Vinataka kiwango cha juu, vinataka kumzuia mchezaji asihame, lakini havitaki aitwe mfanyakazi. Badala yake vimekuwa vikiliomba Bunge la Marekani liwape kinga dhidi ya sheria za ushindani.

Wachezaji wa kikapu wa Chuo cha Dartmouth walijaribu njia iliyo wazi. Machi 2024 walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi. Chuo kilikataa kujadiliana nao, na mwishoni mwa mwaka ombi lao liliondolewa mbele ya bodi ya kazi ambayo ilitarajiwa kubadilika na serikali mpya. Nafasi ya kupata utulivu ambao kila kocha anasema anautaka ilikuwa pale mezani, na ilipita.

WATOTO WETU KATIKA SOKO HILI

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu tangu zamani. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Edward Cheserek, Mkenya pia, alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alicheza miaka mitatu Connecticut, chuo kile kile cha Napier, kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis katika NBA mwaka 2009. Wote walicheza kwa bei iliyofungwa.

Ungedhani kwamba kufuli lilipovunjwa mwaka 2021 watoto wa Afrika walinufaika sawa na wenzao. La. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo ya F-1, ambayo inamruhusu kazi ya ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na humtaka kibali maalumu kwa kazi ya nje. NCAA ilibadili kanuni zake. Sheria ya uhamiaji haikubadilika. Kijana wa kigeni akitia saini tangazo la duka la magari kama anavyofanya Mmarekani wanayecheza naye, anaweza kuhatarisha viza yake.

Aliyeonyesha upuuzi huo kuliko wote ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao wengi wa wakazi wake wangeweza kuusoma ukurasa huu bila mkalimani. Mwaka 2022, akiichezea Kentucky, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka wa kikapu cha vyuo Marekani nzima. Wenzake kwenye benchi walifanya matangazo mjini kwao, naye bora kuliko wote alitakiwa kuwa mwangalifu. Agosti 2022 timu yake ilikwenda kucheza mechi za kirafiki visiwa vya Bahamas, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, alifanya kazi za matangazo kwa haraka. Magazeti ya Marekani yaliripoti kuwa alipata kiasi cha dola 500,000 katika safari hiyo.

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani ataitambua hali hiyo. Bidhaa ni ile ile, mnunuzi ni yule yule, lakini biashara ni halali ng'ambo ya maji tu. Na kila timu haina safari ya Bahamas. Mkimbiaji wa Iten au wa Arusha aliyeko katika chuo cha milimani huko Marekani hana kampuni inayomsubiri ufukweni. Hata malipo ya moja kwa moja ya chuo yaliyoanza 2025 yameacha swali hilo wazi, maana yakiitwa mshahara viza inaweza kuguswa, na vyuo vingi vimekuwa na tahadhari.

UPANDE WA PILI

Haitakuwa haki kuacha hoja za wanaotetea utaratibu wa zamani. Wanasema ufadhili wa masomo nao ni malipo, na ni kweli. Shahada isiyo na deni katika nchi ambako vijana humaliza chuo na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola si kitu cha kudharau. Kwa mkimbiaji wa kwetu inaweza kuwa na thamani kuliko medali. Lakini ufadhili ule haukuwa imara kama unavyosimuliwa. Mwaka 1973 NCAA iliondoa ufadhili wa miaka minne ikauweka wa mwaka mmoja mmoja, na hadi 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa wa miaka mingi. Mchezaji aliyevunjika goti au kumchukiza kocha aliweza kukuta mwakani nafasi haipo.

Wanasema pia kuwa fedha zikigawiwa kwa futiboli na kikapu, michezo mingine itakufa. Hoja hii ina uzito. Chuo cha Cal Poly huko California kilifunga timu zake za kuogelea Machi 2025, kikitaja usuluhishi wa House miongoni mwa sababu. Riadha, mlango ambao watoto wetu wengi wamepitia, haileti fedha za televisheni, nayo iko hatarini. Lakini tuulize mahesabu: chuo kinachoweza kumlipa kocha mamilioni kwa kumfukuza hakikosi fedha za mkuki na viatu vya miiba. Ni suala la nani anakatwa kwanza.

USHAURI WA WIKI

Kwa wenye mamlaka kule, ushauri wa safu hii ni mfupi. Tangazeni malipo, walau kwa nafasi ya mchezaji na kwa ligi, bila hata kutaja majina. Andikeni mikataba ya miaka miwili au mitatu yenye fidia pande zote. Kaeni meza moja na chama cha wachezaji. Na mwanafunzi wa kigeni apewe njia halali ya kuuza jina lake bila kupanda ndege.

Kwa wasomaji wetu, hasa wazazi wenye kijana mrefu au mwenye mbio, ambao wamekwisha kufuatwa na dalali mwenye ahadi za Marekani, tunashauri maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa masomo yote, na umeandikwa wapi? Akiumia, nani analipa hospitali na je, anabaki darasani? Ahadi ya fedha inatoka kwa chuo au kwa mtu wa pembeni, na chuo kimeandika nini kuhusu viza yake? Na dalali mwenyewe anapata asilimia ngapi, kutoka kwa nani? Asiyeweza kujibu kwa karatasi, arudishwe mlangoni kwa heshima.

Wiki ijayo tunarudi kwenye korosho.